Mzee wa Makorora tusimgeuze mkufunzi wa brigedi

Makamanda, kuna wazo linazunguka kwenye vikao vya matawi hapa Tanga: tumwombe yule mzee mstaafu wa jeshi anayefundisha karate Makorora atufundishie vijana wa ulinzi wa chama. Mwezi huu nimelisikia mara tatu. Nalipinga.

Hasira naielewa. Septemba 6, 2024 Mzee Ali Kibao, afisa mstaafu wa jeshi na mjumbe wa sekretarieti ya CHADEMA, alishushwa kwenye basi Dar es Salaam akiwa safarini kuja Tanga. Kesho yake mwili wake ukakutwa Ununio. Tukamzika hapa hapa nyumbani. Rais aliagiza uchunguzi. Sasa kijana akiuliza "tutajilinda vipi?", huwezi kumwambia anyamaze.

Lakini nenda ukamtazame mzee akifundisha. Ni baada ya Alasiri, vijana wako peku mchangani, mabinti wa hijabu mstari wa mbele, na kawaweka mbele makusudi. Kabla ya chochote anauliza nani katoka nyumbani bila kumuaga mama yake, na hiyo sio utani, utarudishwa. Teke hulioni mpaka mwezi wa pili. Kwanza ni kusimama, kupumua, kuanguka bila kuumia, kuzuia ngumi. Aliyepigana mtaani anakaa pembeni wiki mbili hata kama ndiye aliyechokozwa. Nilimuuliza kwa nini (si unajua sisi wa sheria, lazima tuulize). Akasema: "Mwanangu, mimi nilikuwa vita vya Kagera. Kupiga nilifundishwa upesi sana. Kujizuia ndiko kulikonichukua miaka."

Na hilo sio lake peke yake. Gichin Funakoshi wa Okinawa alisisitiza kwamba mwanakarate haanzi kupiga. Hata ile dojo ya Zanaki, Dar es Salaam, alikofundisha Mmarekani mweusi Nantambu Bomani miaka ya 1970, iliitwa Hekalu la Kujilinda.

Sasa sheria. Marekebisho ya 2019 ya Sheria ya Vyama vya Siasa yaliweka kifungu cha 8E, kinachokataza chama kuunda kikundi cha mgambo au cha ulinzi wa aina yoyote. Najua mtakachosema: mbona CCM wana Green Guard? Ndiyo, na sheria ni hiyo hiyo moja. Hoja hiyo twende nayo kwa Msajili, kwa maandishi na picha. Tukiiga, watakaokamatwa ni sisi, tena wa kwanza atakuwa mzee, na wale mabinti watarudi kukaa barazani. Darasa limekwisha hivyo.

Kujilinda kwa mtu binafsi ni jambo jingine. Kanuni ya Adhabu, kuanzia kifungu cha 18, inakupa haki ya kujitetea wewe, mwenzako na mali, ila kwa nguvu ya kadiri. Anayetaka kujifunza aende kama mtoto wa Makorora, fulana ya chama aiache nyumbani.

Halafu tuambiane ukweli: watu wenye silaha wakisimamisha basi, hakuna teke litakalokuokoa. Kinachoweza kusaidia ni vitu vidogo visivyo na shangwe. Kiongozi asisafiri peke yake. Mtu mmoja nyumbani awe na ratiba yake na namba ya wakili. Akichukuliwa, taarifa ifike polisi saa hiyo hiyo, iandikwe, na namba ya taarifa ichukuliwe, ili kesho yake mawakili waende Mahakama Kuu kuomba aletwe. Hayo nayo yanataka mazoezi, na hatujafanya hata mara moja.

Mimi na wenzangu wawili chuoni tumeshaandika hatua hizo kwenye ukurasa mmoja. Naomba kikao cha Jumamosi kiondoe suala la brigedi kwenye ajenda, kiweke huo ukurasa, na kila tawi lije na jina la mtu atakayeshika simu usiku.