Sigara ya Umeme na Vidonge vya Sonona

Wapo vijana, na hata baba wa familia, wanaoacha sigara ya kawaida na kushika ile ya umeme. Anayemeza dawa za sonona asifanye hivyo kimyakimya. Moshi wa tumbaku huliamsha ini livunje haraka baadhi ya dawa, kama duloksetini na fluvoksamini. Kazi hiyo haifanywi na nikotini. Kwa hiyo akihamia sigara ya umeme, kidonge kilekile alichozoea chaweza kuzidi mwilini baada ya siku chache: usingizi, kizunguzungu, kichefuchefu. Nyumbani watasema amerogwa! Amitriptilini nayo huweza kuharakisha mapigo ya moyo, na nikotini vilevile.

Kuacha tumbaku ni jema, simzuii mtu. Ila amwambie daktari kwanza, kipimo cha dawa kiangaliwe upya, wala asiache vidonge ghafla. Kwa maoni yangu lawama kubwa ni ya ndugu wanaomsuta mgonjwa kwa sigara na kumcheka kwa vidonge, hata akavificha vyote viwili. Asiyevuta kabisa asianze. Na ile chupa ya maji ya nikotini iwekwe mbali na watoto. Wakiinywa ni sumu.