Tuandikiwe jino limezibwa kwa dawa gani



Kuna jambo linalowahangaisha baadhi ya wananchi huku kwetu Mchuchuma, wilayani Ludewa. Mtu aliyezibwa jino zamani kwa dawa ya rangi ya fedha, akizibwa jingine leo kwa dawa nyeupe, huambiwa na majirani kuwa dawa hizo zitagombana kinywani na kumdhuru. Wapo wanaotaka hata kung'olewa jino lisilouma.

Dawa ya rangi ya fedha huitwa amalgamu. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, ile ile wanayotumia wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Chunya. Iliyobaki ni unga wa fedha, bati na shaba. Nyeupe zinazotumika sana ni mbili: kompositi, inayogandishwa kwa taa ya mwanga wa buluu, na glasi ayonoma, ambayo huganda yenyewe. Hii ya pili isidhaniwe ni anasa ya mijini. Njia ya kusafisha jino kwa vyombo vya mkono bila mashine, kisha kuliziba kwa dawa ya kuganda yenyewe, ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na haihitaji umeme. Sisi tuliosubiri miaka mingi umeme wa makaa ya mawe tunaelewa thamani yake.

Sasa, je, zinagombana? Amalgamu na dawa nyeupe hazigombani, kwa kuwa nyeupe si metali. Metali mbili tofauti zikigusana, kama jino la dhahabu na lenye amalgamu, ndipo mtu huweza kushtuka kwa maumivu ya ghafla. Wanafunzi wa shule ya msingi wanalifahamu jambo hili: chomeka msumari wa bati na kipande cha shaba katika limao, umeme kidogo utapita. Mate hufanya kazi ya limao. Mara nyingi hali hiyo huisha yenyewe baada ya siku chache. Na huku kwetu wenye meno ya dhahabu ni wangapi?

Mchanganyiko wenye hasara ya kweli hautajwi na mtu. Mgonjwa mwenye maumivu mara nyingi huwekewa kwanza dawa ya muda inayonukia karafuu, maana ina mafuta ya karafuu, zao la ndugu zetu wa Pemba. Ni dawa nzuri, hutuliza. Lakini mafuta hayo huizuia kompositi isigande sawasawa. Mwalimu mwenzangu aliwekewa dawa hiyo katika kituo kimoja, akaambiwa arudi. Nauli ikamshinda. Miezi ikapita, akapata safari ya mjini, akaingia kwa daktari mwingine, akazibwa kompositi. Haikumaliza mwezi, ikatoka. Daktari wa tatu akamwuliza: chini yake kulikuwa na dawa gani? Hakujua. Daftari lake la matibabu lilikuwa na neno moja tu, "jino". Hatimaye liling'olewa, na fedha zake zilikuwa zimekwisha kwenda.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Afya iagize kila kituo, cha serikali na cha binafsi, kuandika katika daftari la mgonjwa: jino gani, tarehe, dawa gani, na kama ni ya muda au ya kudumu. Ni mistari miwili, na iwe kwa Kiswahili. Najua foleni ni ndefu na madaktari wa meno ni wachache. Lakini mbona chanjo za mtoto huandikwa kila moja katika kadi yake?

Haja hii itazidi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana amalgamu isitumike kwa watoto wa chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, ila daktari akiona ni lazima. Novemba 2025 zikakubaliana ikome ifikapo 2034. Basi kwa miaka mingi vinywa vyetu vitakuwa na dawa za zamani na mpya pamoja, na watajitokeza wa kutushawishi tuziondoe zote za zamani kwa malipo. Wananchi wasikubali haraka. Mvuke wa zebaki hutoka zaidi amalgamu inapowekwa na inapochongwa kuliko ikitulia. Hata mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilishauri mwaka 2020 kwamba iliyo nzima isiondolewe pasipo sababu ya kitabibu.

Wakati tunasubiri agizo la Wizara, mgonjwa asitoke chumbani kwa daktari kabla hajauliza jina la dawa aliyowekewa na kuomba liandikwe.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mchuchuma, Ludewa.