Utafiti wa makaa usiishie kwa majarida bandia

Mhariri,

Huku Kamere tu majirani wa Olkaria, ambako umeme wa mvuke umezalishwa tangu 1981, lakini jioni wafanyakazi wa mashamba ya maua wakirudi, githeri hupikwa kwa makaa yanayonunuliwa kwa mkebe. Kwa hiyo nilifurahi mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu, alipoamua kuchunguza jinsi ya kuyapunguza. Alizunguka nyumba za kupanga na mizani, akipima makaa kabla na baada ya kupika: maharagwe yaliyolowekwa na yasiyolowekwa, sufuria wazi na iliyofunikwa, jiko la bati tupu na lile lenye udongo ndani.

Kisha jarida moja la mtandaoni likamwandikia kwa sifa tele. Makala aliyolitumia ilikubaliwa upesi mno, bila swali hata moja kuhusu vipimo vyake, ikafuatwa na ankara ya dola. Huo ni wizi. Anayelipa hupoteza pesa, na kazi yake nzuri huchanganywa na takataka hata asiaminiwe.

Mkutubi Mmarekani Jeffrey Beall aliwahi kuorodhesha wachapishaji wa aina hiyo, ila orodha yake iliondolewa mtandaoni mnamo 2017. Vijana wetu wategemee nani?

Naomba wasimamizi na wakutubi wa vyuo vyetu wawakague wachapishaji pamoja na wanafunzi kabla ya shilingi kutoka. Na matokeo yaletwe pia katika baraza la chifu, kwa Kiswahili, maana wanaonunua makaa ni sisi.

Mkazi wa Kamere,
Naivasha