Dada wa kwenye wimbo ana gari, wa Kilombero ana jembe

Kuna hoja inazunguka sana mitaani hapa Ifakara, eti Bongo Fleva ndiyo imewafanya akina dada wajitambue. Mi nasema tuangalie kwanza anayeimba katoka wapi.

Maana utabaka umo humu tangu zamani. Saleh Jabir alipotoka na rap ya Kiswahili mwaka 1991, rap ilikuwa ya watoto wenye kaseti za nje na Kiingereza cha shule. Baadaye ndo kina Juma Nature wakaja na lugha ya Temeke. Kwa akina dada mlango ukawa mwembamba zaidi. Lady Jaydee alikuwa mtangazaji wa redio. Zuchu alisainiwa WCB mwaka 2020, na mama yake ni Khadija Kopa mwenyewe! Siwapunguzii kitu, wamepiga kazi. Ila binti wa Mlimba mwenye sauti kama hizo anaanzia wapi? Nauli ya Dar, hela ya studio, pa kulala, halafu baba akubali.

Nikiwaza hivyo namkumbuka Siti binti Saad. Muuza vyungu wa Fumba, Zanzibar, mtu wa chini kabisa, na mwaka 1928 akaenda kurekodi santuri Bombay. Wimbo wake "Kijiti" unahusu mauaji ya kweli: mwanamke mgeni kauawa, muuaji katoroka, wakafungwa wanawake waliotoka naye. Yaani aliimba kesi, tena kwa Kiswahili cha mtaani, kila mtu akaelewa.

Siku hizi dada wa kwenye wimbo ana hela yake, ana gari, bwana akizingua anatimuliwa. Safi. Lakini huku bondeni tunausikiliza huo wimbo kwenye bodaboda, wakati mama yuko shamba msimu mzima, analala kwenye dungu, usiku nguruwe, mchana kwelea kwelea. Mpunga ukifika mashineni, anayehesabu noti ni baba. Nimeona nyumba ambayo magunia yaliuzwa mama akiwa msibani, akarudi akakuta ghala jeupe na pikipiki mpya uani. Ataanza kumtimua nani, na shamba si lake?

Hapo ndipo nyimbo zetu zinaponyamaza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki. Na kuanzia 2016 ulipita mradi wa kurasimisha ardhi Kilombero, Ulanga na Malinyi, hati za kimila zikatolewa, na mke na mume waliweza kuandikwa wote kwenye hati moja. Hiyo ni nguvu kuliko gari la kwenye video, maana shamba lenye majina mawili mtu mmoja haliuzi kimyakimya.

Nyumbani kwenu hati ina jina la nani? Kaulizeni leo, kabla ya mavuno.