Posho ya mpagazi, posho ya bosi: barua ya wazi kwa Msajili wa Hazina

Ndugu Msajili,

Nakuandikia kutoka Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora. Nakuita Ndugu, si Mheshimiwa. Ndivyo tulivyozoea watu wa umri wangu, usidhani ni utovu wa adabu.

Jirani yangu ni mlinzi wa usiku kwenye lango la ofisi moja ya umma mjini. Kila jioni hupita mbele ya nyumba yangu na baiskeli yake, koti begani, chupa ya chai imefungwa kwenye keria kwa mpira wa tairi. Juzi alinionyesha daftari la mwanawe, maana kurasa za nyuma ndiyo benki yake. Juu kabisa: mshahara 200,000. Chini yake unga, deni la dukani, sare ya shule, spoku za baiskeli. Mwezi ulikuwa haujafika tarehe 15, na mstari wa mwisho ulikuwa ni deni tena.

Mlinzi huyu hayumo kwenye hesabu za ofisi anayoilinda. Ameajiriwa na wakala. Bosi wa ofisi ile akiulizwa mfanyakazi wake wa chini kabisa analipwa kiasi gani, kwa haki kabisa atamtaja karani.

Sisi wa huku tuna habari ndefu na malipo ya kazi. Mababu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu hadi pwani, mzigo wa kama frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32, na kurudi na nguo na shanga. Neno posho lenyewe ni neno la msafara: kilikuwa chakula cha mpagazi, au kitambaa cha kununulia chakula hicho njiani. Posho ikipunjwa, wapagazi walitua mizigo au walitoroka usiku, na tajiri akabaki na pembe zake porini. Leo neno lile lile limehamia kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, likaitwa posho ya kikao. Anayeipokea ameshakula.

Msafara nao ulikuwa na wakubwa wake. Kirangozi, yaani kiongozi wa njia, alitangulia mbele na bendera, akavaa mavazi ya fahari, akalipwa zaidi ya wengine. Lakini Burton, Mwingereza aliyefika Tabora mwaka 1857, aliandika kwamba kirangozi naye alijitwika mzigo wake. Tena mzigo ulionekana begani, na malipo yalikuwa vitambaa, kitu ambacho mwenzako aliweza kukiona.

Mwalimu Nyerere, aliyesoma na kufundisha hapa Tabora, alijua kwamba mkubwa naye hujitwika mzigo. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, aliwafukuza, kisha akaugeukia mshahara wake mwenyewe na kuukata asilimia 20. Miezi minne baadaye likaja Azimio la Arusha. Mwaka 1977, akilitathmini Azimio hilo, alieleza kwamba mwaka 1961 mshahara wa juu serikalini, baada ya kodi, ulikuwa mara 50 ya ule wa chini. Kufikia 1976 ukawa mara 9. Sisemi enzi ile ilikuwa peponi. Miaka ya themanini mshahara wa mkubwa na wa mdogo ulifanana kwa jambo moja: yote miwili haikufika katikati ya mwezi, na sukari tuliipangia foleni. Lakini tulijua namba.

Sasa hatuijui. Machi 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba wapo wakuu wa mashirika ya umma wanaolipwa shilingi milioni 40 kwa mwezi, na kwamba hapatakuwa na anayezidi milioni 15. Wananchi tulishangilia ile 15, lakini kilichonishtua mimi ni kwamba ile 40 tuliisikia siku ile kwa mara ya kwanza. Chukua dari hiyo hiyo ya milioni 15. Kwa kima cha chini cha serikali cha 500,000, kilichoanza Julai 2025, bosi anapata mara 30. Kwa jirani yangu ni mara 75, na hapo sijagusa posho, gari, mafuta wala nyumba.

Najua utaniambia huko duniani ni zaidi. Kweli. Septemba 2025 Papa Leo XIV alilalamika kwamba mabosi wa makampuni waliopata mara nne hadi sita ya wafanyakazi wao miaka 60 iliyopita, leo wanapata mara 600. Lakini Uingereza makampuni makubwa ya soko la hisa yanalazimika kuitangaza namba hiyo, na Kenya tume ya mishahara huchapisha malipo ya wakubwa wa serikali katika gazeti rasmi la serikali. Kwetu ni siri, na siri ndiyo inayoozesha kazi. Karani anayehisi bosi anakula asichokijua hujitafutia posho yake dirishani, kwa mama mjamzito au mkulima wa tumbaku aliyefuata hati.

Sikuombi umlipe mkurugenzi sawa na mlinzi. Anayeendesha bandari au reli alipwe vizuri, asije akanunuliwa.

Ombi langu kwako, msimamizi wa mashirika ya umma, ni dogo. Mashirika hukabidhi gawio kwa Rais kwa zile hundi kubwa za mfano. Mwaka 2025 jumla ilipita shilingi trilioni moja, na tunawapongeza. Safari ijayo, kila shirika liandike chini ya hundi yake namba moja: bosi, pamoja na posho zake zote, anapata mara ngapi ya mtu anayelipwa kidogo kuliko wote ndani ya uzio wake, awe wa shirika au wa wakala.

Ukifika Tabora, nitakupeleka kwenye lango lile. Zamu ya usiku huanza saa 12 jioni.

Wako,
Mkazi wa Kipalapala