Biashara ya Hofu

Wazazi wa Kikristu, mkimkuta mtoto ameshika disiki yenye alama ya msalaba uliogeuzwa, wengi wenu mnakimbilia moto. Ngojeni kwanza. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Tuulize basi: nani aliweka msalaba ule, na kwa faida gani?

Ijumaa tarehe 13 Februari 1970, siku ambayo Wazungu wengi huihesabu kuwa ya mkosi, ilitoka Uingereza disiki ya kwanza ya Black Sabbath. Wapigaji walikuwa vijana wanne kutoka Aston, mtaa wa viwanda mjini Birmingham: Ozzy Osbourne, Tony Iommi, Geezer Butler na Bill Ward. Iommi alikuwa na miaka 17 mashine ya kiwanda cha mabati ilipomkata ncha za vidole viwili. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki, akaendelea na gitaa lake. Butler alilelewa katika nyumba ya Kikatoliki. Mwezi wa Oktoba 1969 walipiga nyimbo zao kwa siku moja tu, wakaenda zao.

Na wimbo wa kwanza unasema nini? Mtu anaona umbo jeusi mbele yake, anatetemeka, anamlilia Mungu amsaidie. Je, hiyo ni ibada ya shetani? Anayemwabudu shetani hamkimbii.

Msalaba uliogeuzwa ulichapwa ndani ya jalada na watu wa kampuni. Wapigaji hawakuulizwa, walipouona walichukizwa. Lakini wachuuzi walijua kazi yao: kitu kinachomtisha mzee kinamvuta kijana. Disiki ikafika nafasi ya 8 katika orodha ya mauzo ya Uingereza. Kila Mkristu aliyepiga kelele bila kusikiliza aliwafanyia wachuuzi tangazo bila mshahara.

Sisemi kwamba wapigaji hawana lawama. Jina lao walilitoa katika sinema ya kutisha ya mwaka 1963, maana waliona watu wanatoa feza ili watiwe hofu. Kuiuza hofu kama chumvi sokoni si jambo la kusifu. Lakini kila kosa lina mwenyewe. Kumbebesha kijana zambi ya mchuuzi ni kusema uongo juu ya jirani, nayo amri ya Mungu inakataza.

Tena, mbona sisi Wakatoliki tunaikimbia alama hiyo? Mapokeo yanatufundisha kwamba mtume Petro aliomba asulibiwe kichwa chini, kwa kuwa hakujiona amestahili kufa kama Bwana wake. Yule anayejua imani yake hatetemeshwi na karatasi.

Leo nyimbo zile zinasikika hata kwa simu, huwezi kuzichoma. Keti na mtoto wako, sikilizeni pamoja, umwulize: maneno haya yanafundisha nini? Yakiwa mabaya, mweleze ubaya wake kwa sababu, naye ataelewa. Ukihukumu bila kusikia, atajifunza neno moja tu: kwamba baba yake hasikilizi. Na siku atakapokuwa na mashaka makubwa, juu ya Mungu au juu ya maisha yake, atayapeleka kwa mtu mwingine. Pengine kwa mchuuzi.