Acheni kuwamenyea wateja pipi

Wauzaji wenzangu, msimu wa mahafali ya chekechea umefika na status zenu zimejaa vifuko vya pipi, hongereni sana. Ila kuna mtindo umeingia siku hizi ambao mimi siukubali, na nausema hapa hapa, mkininunia tutapatana mbele ya safari. Mtu anazimenya pipi zote, anazimwaga tupu kwenye kifuko kinachoonyesha ndani, anafunga riboni, anapiga picha. Rangi zinawaka, oda zinaingia. Najua zinaingia kwa sababu nyingine zinatoka kwangu. Mwezi uliopita mama mmoja alitaka vifuko 40 vya mahafali, akaniambia vyako dada havivutii, vinaonekana kama pipi za dukani. Nikamjibu ni za dukani kweli mama yangu. Akaenda kwa mwingine.

Nauza vifuko hivi mwaka wa tatu sasa, kwenye kaduka kangu Mbagala na mtandaoni. Sijasomea popote, nina form four yangu tu na simu. Lakini hili halihitaji chuo.

Pipi ikishamenywa, kila kitu mteja alichotakiwa kujua kimeenda kwenye pipa la taka. Nani kaitengeneza, ina nini ndani, inaisha lini. Mama akikuuliza utamjibu nini? Na wanauliza, hasa ikikaribia Idi. Zile pipi laini za kutafuna zenye maumbo ya dubu na nyoka, nyingi zina jelatini, na jelatini inatokana na ngozi na mifupa ya wanyama, inaweza kuwa ya ng'ombe na inaweza kuwa ya nguruwe. Mteja Mwislamu ana haki ya kusoma paketi mwenyewe. Ukimwambia "hamna shida dada, kula tu" wakati paketi ulishaitupa, hapo unabahatisha imani ya mtu kwa sh 1,000. Vivyo hivyo mtoto ambaye karanga zinamdhuru. Mama yake anasoma maandishi ya nyuma kabla hajampa kitu, wewe umempa kitu kisicho na nyuma.

Halafu kuna bei. Mnashangaa kwa nini fulani anauza kifuko sh 700 na wewe huwezi? Tupige hesabu. Tuseme paketi ya pipi 50 umeipata kwa sh 2,000, pipi moja ni sh 40. Kifuko cha pipi kumi ni sh 400. Weka pipi ya kijiti moja sh 150, kifuko chenyewe sh 100, riboni sh 50, stika sh 50. Hiyo ni sh 750 na hujahesabu mkono wako. Mimi kifuko kimoja kinanichukua kama dakika tatu, vifuko 30 ni saa moja na nusu. Saa yako ukiipa sh 2,000 tu, unaongeza sh 100 kwa kila kifuko, jumla sh 850. Ukiuza sh 1,000 umebaki na sh 150, mara 30 ni sh 4,500, na ukisema utampelekea mteja bure, bodaboda anaimaliza yote. Ndo maana mimi nauza sh 1,300 na nauli juu ya mteja. Sasa wa sh 700 anapata wapi? Wengine wanapunguza pipi, sawa, hilo mteja analiona. Lakini kuna mzigo unaouzwa bei ya kutupa kwa sababu umebakiza wiki mbili uishe muda. Ukiununua na karatasi zake, mteja atajua. Ukiumenya, nani atajua? Sisemi kila anayemenya anafanya hivyo. Nasema anayefanya hivyo lazima amenye, na nyinyi mnaomenya kwa ajili ya picha mnamfichia njia.

Na jamani huku kwetu pwani pipi tupu haikai. Sukari inavuta unyevu wa hewani. Pipi ngumu ikikaa siku mbili tatu bila karatasi inaanza kutoa jasho, zinagandana, rangi ya nyekundu inahamia kwenye njano. Asubuhi ya sherehe mtoto anatoa bonge. (Chokoleti sizungumzii kabisa. Kuanzia Desemba mpaka Machi Dar es Salaam joto linapita nyuzi 30, na chokoleti inaanza kulegea hata kabla hapo. Miezi hiyo mimi siiweki hata mteja akilia.)

Kuna kingine wengi hawakijui. Ukiuza pipi iliyofungwa na kiwanda, wewe ni muuza duka. Ukiifungua ukaifunga upya, tayari umeanza kufungasha chakula, na mambo ya chakula yako chini ya TBS tangu 2019 yalipotoka TFDA. Anayetaka kwenda njia hiyo aende akaulize taratibu zao, si vibaya, watu wa ubuyu na kashata wanazifuata na wanauza vizuri tu. Ila usiwe mfungashaji kwa bahati mbaya kwa sababu ulitaka picha nzuri.

Mtasema pipi ndogo hazina tarehe kwenye karatasi zake. Kweli, nyingi hazina, tarehe ipo kwenye paketi kubwa. Kwa hiyo kabla sijafungua paketi naipiga picha mbele na nyuma, naiweka kwenye simu pamoja na jina la oda. Mteja akiuliza namtumia. Kwenye kifuko naandika tarehe ya ile pipi inayowahi kuisha kuliko zote, hata kama zilizobaki zina mwaka mzima. Naandika na vilivyomo, na namba yangu.

Pia uliza umri wa watoto kabla ya bei. Chini ya miaka minne siweki pipi ngumu ya mviringo wala karanga, zinakaba koo. Naweka biskuti laini na penseli za rangi, na namweleza mama kwa nini. Hakuna aliyewahi kunikasirikia kwa hilo, wengi wanashukuru.

Mkitaka rangi kwenye picha, nunueni pipi zenye karatasi za rangi moja moja, mpange kwa rangi, na stika iwe na jina la mtoto. Jina la mtoto linauza kuliko rangi zote. Na mteja akija kuchukua vifuko 30 msimpe kwenye mfuko wa plastiki, ile ya kubebea imekatazwa tangu Juni 2019. Boksi la sabuni la dukani linatosha.

Stika ndo zinanisumbua bado, kwenye joto gundi inaachia. Stapla siitaki, pini karibu na mdomo wa mtoto hapana. Kwa sasa natoboa kikaratasi kigumu tundu moja, nakipitisha kwenye riboni kabla ya kufunga fundo. Kinachelewesha kidogo lakini hakidondoki.